Ndiyo Mama za Kiserbia

Mwanangu, zima kwanza hiyo redio. Nakumbuka Jumamosi moja, miaka ya sabini, nimesimama barazani kwa Wazungu wa visima hapa Mpanda, shati limelowa jasho na jua lenyewe halijawa kali.

Wazungu hao walikuwa Waserbia, mtu na mkewe, kutoka Yugoslavia. Mume alikuwa mkuu wa uchimbaji, na alikuwa na nafasi ya kijana mmoja kwenda kwao kusomea kazi hiyo. Sharti lake, ajue Kiserbia cha kuanzia. Mkewe, Mama Milena, alinichagua mimi niliyetoka Usevya, akanifundisha mwenyewe bila malipo.

Lugha ile, we acha tu! Jina la kitu halitulii. Maji yakiwa yanatiririka ni voda, ukiyanywa ni vodu, ukinawa nayo ni vodom. Neno moja lina hali saba, kila moja na mkia wake, na usipoupatia mkia umeharibu. Mama Milena akimaliza kueleza, ananiuliza, "Umeelewa?" Sasa mimi, kwa malezi ya nyumbani kwetu, ningemwambiaje mkubwa wangu sijaelewa? Ilikuwa sawa na kumwambia hajui kufundisha. Naangalia chini: "Ndiyo, mama." Kila siku ndiyo, mama. Yeye anafurahi, tunasonga mbele, na kichwani kwangu giza tupu.

Siku ya mtihani ikakaribia, Jumamosi mume ananipima. Ijumaa jioni chakula kikanishinda. Shangazi yangu, muuza mchele niliyekuwa nakaa kwake, akanibana mpaka nikasema. Alinijia juu!

"Heshima gani hiyo ya kumdanganya mtu anayekuhangaikia? Mimi nilikuja hapa na Kipimbwe changu tu. Kiswahili nimekipata kwa kuchekwa pale sokoni. Kesho hutaaibika peke yako, unamwaibisha na yule mama!"

Basi pale barazani, salamu nikajibu vizuri. Kisha mume akanionyesha kikombe cha maji, akataka niyataje maji katika kila hali, moja baada ya nyingine. Mikia ile yote ikanipotea. Mama Milena ananiitikia kwa kichwa, anatabasamu, ana uhakika na mimi. Ee Mungu wangu, yule mama alivyokuwa ananitazama! Nilitamani ardhi inimeze.

Nikainua uso. "Ne znam," nikasema. Sijui. "Mama, nimepotea tangu mwanzo. Nilikuwa nakuitikia kwa heshima."

Akawa mwekundu. Akaingia ndani. Mume akasema nafasi ya mwaka ule imeondoka. Nilishaanza kushuka ngazi, mama akatoka na birika, akamimina maji, akavuta kiti. "Kaa," akasema. "Leo ukisema ndiyo, nakufukuza."

Mwaka uliofuata nilipanda treni, nikaanza safari ya Yugoslavia.

Nimekuita kwa sababu mama yako ameniambia habari zako huko gereji. Fundi anakueleza, wewe ndiyo, ndiyo, halafu usiku unalia. Nyie watoto mna haya kama sisi tu. Sikiliza: heshima ya mwanafunzi ni kusema sijaelewa mapema, mwalimu akiwa bado ana moyo na wewe. Ukichelewa, unamwibia kazi yake.

Mungu akupe ulimi usioogopa, akupe na fundi mwenye subira. Uende salama, urudi salama. Umeelewa?

Hebu ngoja. Usinijibu kwanza.