Filamu Iliyopigwa Uani Kwetu

Wapiga filamu walikuja kwetu Shika Adabu mwaka ule kaka yangu alipofaulu mtihani wa darasa la nane na mama akakosa karo ya sekondari. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama alisuka makuti ya kuuza na kulima mihogo nyuma ya nyumba, na mara nyingi tulishindia mihogo hiyo hiyo.

Mkubwa wao alikuwa mwanamke mpole. Alinitazama, akamwambia mama, "Hadithi yetu ni ya mvulana. Huyu mdogo akae kando kidogo, watazamaji wasichanganyikiwe."

"Lakini hawa ni wawili," mama akasema. "Nataka wasome wote."

"Tumekuelewa, mama."

Nikashinda jikoni, nachungulia kwenye nyufa za ukuta wa udongo.

Filamu ilionyeshwa katika hoteli moja ya Nyali. Mama alikwenda na kaka, amejifunga leso za kuazima. Aliporudi nilimwuliza ilikuwaje.

"Watu walilia," akasema. "Wallahi sikujua kwamba sisi twaliza watu." Akaenda kukoka moto.

Kaka akapata mfadhili. Akaenda shule ya bweni huko bara, kisha chuo, kisha ng'ambo, akaoa huko huko. Mimi nilisoma sekondari ya kutwa kwa kukatiza-katiza, mpaka nikawa mwalimu wa chekechea. Mama alipofariki nilihama, nikapanga chumba Mjambere. Watoto wakishachukuliwa adhuhuri, mara nyingi sisemi na mtu tena mpaka kesho yake.

Mwaka jana kaka alinitumia ile filamu kwa simu. Sikuwa nimeiona maishani. Nikafunga mlango, nikaketi kitandani. Mama akatokea, kijana kuliko nilivyo mimi sasa, asuka makuti huku akieleza habari za mwanawe. Ghafla akageuza uso.

"Naja, mwanangu. Wewe epua tu."

Kisha akaendelea na maneno yake. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilimwita. Chungu kilikuwa kinafurika. Sauti yangu haisikiki, ni yake peke yake. Nikairudisha pale pale, nikamsikiliza tena, na tena.

Alasiri kaka akapiga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umeiona? Wanangu wameipenda. Ila wameniuliza, pale bibi yao ageukapo, asema na nani? Nikawaambia labda ni jirani."

"Alikuwa akisema nami."

"Kwani wewe siku ile ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

Akasema inshallah angekuja na watoto, niwaonyeshe nyumba ile. Sikumwambia kwamba ilikwisha kuanguka. Nikamwambia karibuni, chumba changu ni kidogo lakini tutaenea.

Hawajaja bado. Binti yake mkubwa hunipigia mara moja moja, Kiswahili chake cha kubabaisha, aniulize bibi yake alikuwa mtu gani. Namjibu polepole, apate kufuata. Akishakata, hubaki na simu mkononi, bado nina maneno.