Mama Chaji, Fundi Anayegeuzia Ukuta Uso

Saa tatu asubuhi. Mama Chaji ameinamia simu iliyofunuliwa mgongo, bisibisi mkononi, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Anasugua vumbi kwa mswaki mkuukuu. Kibanda chake kinatosha meza, kiti cha mteja na maneno mengi.

Mlango unasukumwa kwa kikumbo. Anaingia muuza nguo wa kibanda cha jirani, simu sikioni, jasho linamtiririka.

"Mwenzangu, nisaidie! Kuna fundi wa kampuni anasema simu yangu imeingiliwa na virusi. Anataka nipakue programu, aitibu akiwa hukohuko. Mimi sijui kupakua."

Muuza nguo huyu ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wa soko. Akiba yao ya mwaka mzima imo ndani ya simu hiyo. Naye, kwa hofu, amemkimbilia fundi wa kweli ili amsaidie kumtii fundi wa uongo!

Mama Chaji hapigi kelele. Anaipokea simu na kuiweka spika.

"Ndugu fundi, hii simu ni ya aina gani?"

"Mama, usipoteze muda, virusi vinakula pesa!"

"Nimeuliza aina ya simu. Unaiona inaumwa toka huko uliko, halafu hata aina yake huijui?"

Simu inakatwa. Muuza nguo anaketi kwa kishindo, anacheka, kisha machozi yanamtoka. Anasema angewatazama vipi wenzake usoni.

"Miaka yote hii sijawahi kujua simu ya mtu imeharibika kabla mwenyewe hajaniletea," anasema Mama Chaji. "Mgonjwa ndiye anayemfuata mganga. Mganga akikufuata wewe, jiulize anaumwa nini."

Ushauri wake ni mfupi. Ukipigiwa simu ya namna hiyo, kata. Ukibaki na wasiwasi, tafuta mwenyewe namba ya kampuni, usipige uliyopewa na mpigaji. Tangazo jekundu likiruka kwenye skrini na king'ora chake, usiguse namba iliyoandikwa pale, lifunge tu. Na programu ya kumwezesha mgeni kuona skrini yako?

"Hapo umempa ufunguo wa nyumba, umemwonyesha na kabati."

Jina la Mama Chaji lilitokana na kazi yake ya kwanza, kuwachajia majirani simu kwa waya mmoja wenye matundu manne. Ufundi aliupata kwa kuharibu simu zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka zikakubali kupona. Leo, siku ikiwa njema, simu kumi hupita mezani pake.

Ana desturi moja inayowachekesha wateja. Simu ikihitaji neno la siri, humrudishia mwenyewe aandike, naye hugeuza kiti na kuutazama ukuta. "Umenuna?" wateja humtania. Hageuki mpaka aambiwe tayari.

Desturi hiyo aliianza baada ya mkasa wa mama yake mzazi, mfuga kuku anayejisifia binti yake kwa kila mpita njia. Siku moja alipigiwa simu na mtu aliyejiita fundi, akaombwa neno la siri, akalitaja. Pesa za kuku, alizokusudia kununulia mabati, zikaenda zote.

"Nilisikia neno fundi, moyo ukatulia," anasema bibi huyo, ambaye sasa huja kukaa kibandani. "Kwangu mimi fundi alikuwa mtoto wangu. Nilijua fundi hadanganyi."

Aliificha aibu hiyo mpaka mvua ilipomvujia kitandani.

"Pesa hutafutwa," anasema Mama Chaji. "Lakini walimwibia mama yangu kwa jina la kazi yangu. Hilo liliniuma sana."

Mabati yameshaezekwa, kwa jasho la bisibisi. Na bibi, aliyewahi kuogopa hata mlio wa simu, sasa husimulia mkasa wake kwa kila mteja bila haya. Anayemsikiliza hawezi kukosa kuiona fahari yake.

Mama Chaji anapanga kukodi kibanda cha pili awe akiwafundisha wanavikundi kila mwisho wa mwezi. Kikundi cha muuza nguo kimeshajiandikisha. Msemaji wa kwanza atakuwa bibi.

Bibi anasema hotuba anayo tayari. Juzi alipigiwa tena. "Mama, mimi ni fundi wako wa simu," ikasema sauti.

"Nikamwambia, fundi wangu nimemzaa mwenyewe," anasimulia bibi, akimtazama binti yake, ambaye ameinamia meza akijifanya hasikii. "Nikakata simu mimi."