Marehemu Namba Arobaini na Moja

Hakuna aliyewahi kuingia chumba cha anatomia kabla ya Mama Funguo. Kwa miaka ishirini na mbili yeye ndiye aliyefungua jengo lile la chuo kikuu saa kumi na mbili asubuhi, akawasha taa, akawaamkia maiti waliolala chini ya shuka zao, kisha akashika ndoo. Wanafunzi waliomcheka kwa salamu hizo ndio hao hao waliozirai siku shuka ilipofunuliwa, na yeye ndiye aliyewanyunyizia maji usoni huku akiwauliza kama wamekunywa chai. Alikuwa na maneno, mama yule, na hakumbakizia mtu.

Lakini wiki tatu hizi alikuwa kimya. Siku moja akioga aligusa kwapa la kushoto, akakuta uvimbe mdogo, mgumu. Hakumwambia mtu. Upande huo huo alikatwa titi miaka kumi na tisa iliyopita kwa ajili ya saratani, akapona. Dada yake mkubwa naye aliugua hivyo hivyo, akapona, kisha ugonjwa ukamrudia, na uliporudi hakumaliza miezi sita. Basi Mama Funguo alikata shauri: hospitali haendi. Atapiga deki mpaka siku atakayoanguka, yaishe.

Mtu mmoja tu pale chuoni alijua habari za titi lile. Huyo ni fundi wa maabara, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Wembe, maana kazi yake ilikuwa kukata nyama ya binadamu vipande vyembamba kuliko karatasi, kuvitia rangi na kuvibandika kwenye vioo vya kutazamwa kwa hadubini. Zamani zile Mama Funguo aliweka sahihi kwamba uvimbe wake utumike kufundishia. Wembe aliukata, akaupa namba, jina akabaki nalo moyoni.

"Wewe ni arobaini na moja," alimnong'oneza. "Ukitaka kujiona, niambie."

"Nijione nini? Kioo kipo nyumbani."

Tangu hapo alizipangusa hadubini thelathini kila siku, na hata mara moja hakuinamia yoyote. Aliogopa, ndiyo kusema kweli.

Jumanne moja alikuwa anapiga deki nje ya maabara, mlango uko wazi. Ndani, mwalimu wa seli, daktari kijana asiyeweza kuzungumza bila kutembea, alikuwa anawaeleza wanafunzi kioo cha siku hiyo: titi, namba arobaini na moja. Mama Funguo akaacha kusugua.

"Huyu alipona?" mwanafunzi mmoja akauliza.

"Saratani kali namna hii, na enzi zile? Sidhani kama alimaliza mwaka. Mungu amrehemu."

"Amina," wakaitikia watu thelathini.

Mama Funguo alisimama pale, marehemu mwenye ndoo. Kicheko kilimpanda, akakimeza. Akapiga moyo konde, akaingia na viatu vyake vya mpira.

"Mwalimu, naomba nichungulie."

Mwalimu alishangaa, lakini akamvutia kiti. "Karibu, mama. Weka macho hapa, usipumue juu ya kioo."

Mwanzoni aliona ukungu. Kisha ukungu ukatulia, na Mama Funguo akasahau kiti alichokalia. Rangi ya waridi na zambarau ilijaa mpaka mwisho wa macho. Upande mmoja seli zilikaa kwa adabu, zimezunguka kijitundu kama watu wa nyumba moja waliozunguka sinia. Upande wa pili zilisongamana ovyo, kubwa kwa ndogo, zenye viini vyeusi vilivyovimba. Hayo yote yalikuwa ndani yake, na yeye alikuwa akifua na kupika bila habari. Seli moja ilikuwa imebanwa katikati, inataka kuwa mbili.

"Hii inafanya nini?"

"Ilikuwa inagawanyika. Ilipokatwa ikaganda hapo hapo. Miaka kumi na tisa haijamaliza."

Mama Funguo akashusha pumzi. Hakujua kama anaona kitu kibaya au kitu kizuri; alijua tu kwamba ni kikubwa kuliko yeye.

"Na huu mstari mweusi?"

"Wino. Ndipo kisu kilipopita. Ona, kati ya wino na saratani kuna seli zenye afya tu. Waliutoa uvimbe wote..." Mwalimu akakatiza, kama aliyesikia maneno yake mwenyewe.

"Marehemu wako," Mama Funguo akasema bila kuinua kichwa, "ndiye anayekufungulia mlango kila asubuhi."

Wanafunzi wakainua vichwa kutoka kwenye hadubini. Mwalimu akamtazama Bwana Wembe aliyekuwa mbele ya kabati akipanga vioo. Wembe akaitikia kwa kichwa. Mwalimu akatafuta pa kukaa.

"Nisamehe, mama. Nimekuzika kila mwaka."

"Usijali, mwanangu. Hata mimi wiki hizi tatu nilikuwa nimeshajizika." Akagusa kwapa lake. "Kuna uvimbe mwingine hapa."

Alisimama, akamgeukia Wembe. "Na wewe noa kisu chako. Wakikata tena, watoto wasome." Kisha akafungua shada la funguo kiunoni, ambalo hakuwahi kumwachia mtu, akaliweka mkononi mwa mwalimu.

"Kesho utafungua wewe. Mimi nitakuwa hospitali. Huu mrefu ni wa chumba cha anatomia. Hukwama, uinue kidogo ndipo uzungushe. Na usisahau kuwaamkia."