Matone ya Bibi

Kila nikifungua kichupa changu cha matone ya macho, namkumbuka bibi. Tulitoka Ruponda kwenda hospitali, mimi nikiwa mkalimani, kwa sababu yeye alijua Kimwera tu.

Daktari akasema, "Ni glaukoma. Mwambie nuru iliyopotea hairudi. Matone haya yanalinda iliyobaki, asiache hata siku moja."

Glaukoma sikuijua. "Hairudi" niliielewa vizuri. Bibi alikuwa amenishika kwa kiganja chake cheusi kwa utomvu wa korosho, akisubiri.

Nikamwambia, "Amesema utaona tena."

Alitia matone miezi mitatu, kisha akakitupa kichupa jalalani.

"Daktari yule mwongo," akasema.

Nilikuwa nimeketi karibu naye. Nikaendelea kumenya mbaazi.