Mashoto wa Bugeshi

Chuo chetu kilikuwa juu kidogo ya mtaa wa Nengo, karibu na mpaka, na kutoka dirisha la bweni tuliliona ziwa lote mpaka upande wa Goma. Nilikuwa mwaka wa pili, nikisomea ualimu. Ule ndio mwaka ambao njia za milimani zilianza kupitika tena bila hofu, nasi wasichana tulikuwa na hamu ya kwenda mahali, popote pale.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa amekulia Uganda. Sote tulimwita Madamu. Baba yake alikuwa akibeba mifuko ya wachezaji kwenye uwanja wa gofu huko, na yeye alijifunza mchezo ule akiwa mtoto, saa za jioni, wenye uwanja wakiwa wamekwisha kwenda kuoga. Siku moja aliingia darasani na mfuko mrefu wa ngozi uliochakaa, akauegemeza ubaoni.

"Kuna mashindano ya gofu ya wanawake Kigali, mvua zikiisha," alisema. "Wamealika na vyuo. Nataka wasichana wanne."

Tulitazamana. Mwenzetu mmoja aliyerudi kutoka Tanzania, na Kiswahili chake kilichonyooka, akainua mkono. "Samahani Madamu, ni mchezo wa kukimbia?"

"Hapana. Ni mchezo wa kutembea."

Basi mikono ikainuka mingi.

Alimchukua huyo wa Tanzania, akamchukua binti mmoja wa Kiislamu ambaye kwao ni hapo hapo mjini, akanichukua mimi niliyezaliwa Goma. Wa nne alikuwa msichana wa Bugeshi, kule juu chini ya volkano, na huyo ndiye ninayetaka kusimulia habari zake.

Alikuwa mfupi, mabega mapana, mcheshi kuliko sisi sote. Na alikuwa mashoto, ingawa usingejua. Aliandika kwa mkono wa kulia, herufi zake zikilala kama mtama uliopigwa na upepo. Alikula kwa kulia, alisalimia kwa kulia. Lakini kitu kikimponyoka, mkono wa kushoto ndio uliotangulia kukidaka. Alikuwa amelelewa na bibi yake, na bibi alikuwa akimfunga mkono ule kwa kitambaa, kutwa nzima, mpaka akazoea. Alinieleza hayo bila uchungu wowote, kama mtu anavyoeleza alivyotobolewa masikio.

Tulianza mazoezi kwenye uwanja wa mpira wa chuo. Fimbo za Madamu zilikuwa chache na zote za mkono wa kulia. Mimi nilipiga hewa. Wa Tanzania akapiga udongo. Msichana wa Bugeshi akasimama kama alivyoonyeshwa, akapiga, na mpira ukasogea hatua moja kisha ukasimama, kama vile umeona aibu. Akajaribu tena, na tena. Madamu alimtazama mikono.

"Hebu geuka," akamwambia mwishoni. "Simama upande wa pili."

"Upande wa pili Madamu?"

"Kama ungekuwa peke yako."

Akageuka. Madamu akakigeuza kichwa cha fimbo, ncha yake ikitazama ardhi, maana fimbo ya kulia haina uso wa kupigia kwa kushoto. Akampa vile vile. Msichana akazungusha mikono, na mpira ukaondoka. Ulikwenda upande, haukwenda mbele, lakini ulikwenda! Ulipita juu ya ua wa chuo na tukasikia mabati ya nyumba ya mtu huko Nengo yakilia. Mzee mmoja akatoka akipiga kelele, "Nani anatupa mawe? Vita imeisha, nyie watoto!"

Ndipo Madamu alipoamua tutafute malisho mbali na mabati ya watu, na msichana akasema kwao kuna malisho.

Jumamosi asubuhi tulipanda na pikapu ya viazi iliyokuwa ikirudi tupu. Mimi, mtoto wa joto na vumbi, sikuwahi kufika Bugeshi. Baridi ilinishika masikio. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, na kuta za mawe meusi ziligawa malisho na viazi. Kondoo walikuwa wameyala majani yale mpaka yakawa mafupi kama nywele za mtoto aliyenyolewa juzi. Ukungu ulipofunguka, tuliona kwamba milima ilikuwa imesimama nyuma yetu muda wote, mikubwa hivi kwamba ilibidi kuinua kidevu. Binti wa Kiislamu akasema taratibu, "Allahu akbar."

Bibi ya mwenzetu alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, mwenye fimbo ya kuchungia. Tulimwita Nyogokuru, kama mjukuu wake alivyomwita. Madamu akamwomba ruhusa kwa Kinyarwanda chake cha Uganda, na yeye akajibu, "Malisho ni ya kondoo. Kama wao hawakatai, mimi nitakataaje?"

Tulichimba mashimo madogo, kila shimo tukalitia mkebe wa maziwa ya unga. Vipande vya kitenge vikawa bendera. Kila Jumamosi tulikuwa kule, na Madamu alitufundisha kushika, kusimama, kutembea bila haraka. Alitufundisha pia kunyamaza. Mwenzio akijiandaa kupiga, alisema, hukohoi, husogei, hata kivuli chako kisimguse. Jambo hilo lilinishangaza kuliko yote. Kimya nilichokijua mimi mpaka siku zile kilikuwa cha watu waliojificha, wanaosikiliza nyayo nje. Sikujua kwamba watu wanaweza kunyamaza ili kumheshimu msichana mmoja na kitu anachotaka kufanya.

Siku moja mpira wangu ulipaa. Sijui nilifanya nini tofauti. Nilizungusha fimbo, na mikono yangu haikusikia kitu, kabisa, kama vile sikugusa chochote. Nikadhani nimekosa tena. Nilipoinua macho mpira ulikuwa juu, mdogo, mweupe, unakwenda kwenye mlima. Madamu alicheka. "Ukiupiga vizuri huusikii," akasema. "Sasa umeharibika. Utautafuta mpigo huo maisha yako yote."

Lakini mwenzetu aliendelea kupiga kwa ncha ya fimbo iliyopinduliwa, na mipira yake iliendelea kwenda inakotaka. Mashindano yalikuwa yanakaribia. Hakulalamika. Ila tukishuka na pikapu alikuwa kimya, na haikuwa kawaida yake.

Nilimsimulia mama yangu mdogo nilipomtembelea. Yeye alivuka mpaka pale Petite Barrière kila siku, unga na mafuta kichwani, na alijua kila uchochoro wa Goma. Alinisikiliza huku anavua viatu.

"Donc kuko fimbo ya kuume na fimbo ya kushoto?" akauliza.

"Ndiyo, mama mudogo. Kama viatu."

"Bon. Nitaangalia."

Nilisahau. Baada ya siku kadhaa akarudi akipitia chuoni, na juu ya furushi la unga kulikuwa na chuma kirefu kimefungwa na kamba.

"Angalia hii kitu," akasema. "Kule Birere kuko mama moja anafungaka nayo mulango. Mi nikamuambia, mama, nipe hii, nitakuletea kipande ya mbao. Akacheka sana. Nikaweka mikono vile we ulinionyesha, nikaona inaangalia ngambo ingine. Iko ya kushoto, ama nimejidanganya?"

Nilikishika. Mpini ulikuwa umeliwa na jasho la watu nisiowajua, na chuma kilikuwa na kutu. Uso wake ulitazama upande ambao fimbo zetu zote hazikutazama. Nilimkumbatia mama yangu mdogo mpaka unga ukanijaa kifuani.

Jumamosi ile nilimpa mwenzangu fimbo hiyo. Aliipokea kwa mkono wa kulia, kama adabu inavyotaka, kisha akaihamisha. Nyogokuru alikuwa shambani, upande wa pili wa ukuta wa mawe, anachimba viazi na wanawake wengine. Ukungu ulikuwa umeondoka. Msichana alisimama juu ya mpira, akatikisa mabega kidogo, nasi tukanyamaza. Kisha akapiga.

Sauti ilikuwa ndogo, safi, kama mtu amevunja kijiti kikavu. Mpira ulipanda ukipita miti ya mikaratusi, ukaendelea kupanda wakati ambao mipira yetu ilianza kushuka, mpaka nyuma yake hapakuwa na mti wala kilima, ni ule mlima mkubwa tu na bluu yake. Ulikaa pale. Naapa ulikaa. Wanawake shambani walikuwa wamenyooka migongo, mikono kwenye paji la uso. Wa Tanzania alinishika kiganja akakibana. Mpira ulipoanguka mbali, kondoo wakatawanyika.

Nyogokuru aliweka jembe chini. Akavuka ukuta, akaja mpaka kwa mjukuu wake, akaushika ule mkono wa kushoto, akaugeuza na kuutazama kiganjani.

"Niliufunga huu," akasema.

"Ndiyo, Nyogokuru."

"Yooo." Akautazama tena. "Na ulikuwa unangoja."

Akarudi kwenye viazi vyake. Mwenzangu alifuta macho kwa mkono wa sweta, akacheka, akaomba mpira mwingine.

Tulikwenda Kigali kwa basi, Madamu amekaa mbele, mfuko wa fimbo katikati ya magoti. Uwanja ule ulitutisha kwa uzuri. Majani kuzunguka mashimo yalikuwa laini kuliko zulia lolote nililowahi kukanyaga, na wa Tanzania alivua viatu kabla ya kuulizwa. Kulikuwa na mabibi wenye kofia nyeupe na glavu. Walitutazama tulipofika, wakaitazama ile fimbo yenye kutu. Walipoliita jina la msichana wa Bugeshi akasimama upande wasiouzoea wao, na wote, na kofia zao, wakanyamaza kwa ajili yake.

Mimi nilimaliza karibu na mkia, na sikuhuzunika. Yeye alikuwa wa tatu kati ya wanafunzi. Mpira wake mmoja ulizama bwawani na mwingine akaupoteza kwenye miti, la sivyo angekuwa wa kwanza, Madamu alisema hivyo njia nzima ya kurudi. Walimpa kisanduku cha mipira mipya. Alikifungua ndani ya basi, tulipoanza kupanda milima ya kaskazini, akatugawia kila mmoja wake, na Madamu wake, na kondakta naye akaomba, akapewa. Tulikaa nayo mapajani, myeupe, mizito kuliko inavyoonekana. Kondakta aliusogeza wake kwenye mwanga wa dirisha, akavihesabu vishimo vyake kwa kidole, akapoteza hesabu, akaanza upya.