Majani ya Babu

Juzi bibi yangu, Koko, ambaye hawezi tena kutembea, alinituma nimpelekee babu majani. Nilikuta greda limepanua barabara ya Malambo na kusukuma mawe yote yaliyokuwa kando yake mtaroni.

Nilisimama pale na majani mkononi, nikakumbuka mchana mmoja nilipokuwa mdogo, nikimfuata Koko kisimani. Shuka lake lilinukia moshi na maziwa. Alisimama kwenye rundo la mawe lililokuwa hapo hapo kando ya njia, akang'oa majani mabichi, akayatemea mate ya baraka, akayaweka juu ya mawe.

"Weka na wewe. Msalimie babu yako."

Tuliporudi na maji, majani hayakuwepo.

"Koko, babu amekula!"

Alicheka mpaka maji yakamwagika. "Amekula, ee. Mzee huyu na tumbo lake!"

Niliamini babu anaishi humo ndani na ana njaa. Kumbe majani yaliliwa na mbuzi, na babu alizikwa chini ya mawe yale kabla sijazaliwa.

Juzi, pale mtaroni, sikuweza kujua mawe yapi ni yake. Niliweka majani juu ya kifusi, nikarudi nyumbani.

"Babu amekula?" Koko aliuliza, akianza kucheka.

"Amekula, Koko."