Karamu ya Kenchi

Shemeji yangu Nibaldo Cornejo ameezeka nusu ya bonde hili la Colchagua, lakini paa la nyumba yake mwenyewe linavuja. Ukimtania anakujibu kwamba seremala mwenye paa zima ni seremala asiye na kazi. Ndivyo alivyo, kila neno analo jibu lake, isipokuwa jambo likimuuma kweli. Hapo anakuwa bubu kama gogo.

Alikuwa anamjengea Bi Ximena Arriagada hoteli katikati ya mashamba ya mizabibu. Vyumba vichache tu, kila kimoja na bafu kubwa kuliko jiko langu, na dirisha pana ili tajiri aamke atazame zabibu bila kuzichuma. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapikia mafundi maharage, kwa hiyo mengi niliyaona, na nisiyoyaona niliyasikia. Magoti ya Nibaldo yalikuwa yamekwisha. Alishatuambia sote kwamba hilo ndilo paa lake la mwisho.

Kwetu kenchi, zile mbao za kubeba paa, zikishasimama, kabla kigae cha kwanza hakijapanda, mwenye nyumba huwafanyia mafundi karamu. Meza inatandikwa mlemle ndani, chini ya mbao tupu, bendera inapepea juu, na mwenye nyumba anawaandalia nyama ya kuchoma na divai kwa mikono yake mwenyewe. Nibaldo aliipenda siku hiyo kuliko Krismasi.

"Shemeji Eduvina," aliwahi kuniambia, "nyumba isiyo na milango ni ya kila mtu. Siku hiyo mimi ni mgeni. Wakishatia milango, nikija tena napitishwa jikoni."

Alisema akicheka, lakini namjua. Katika matajiri wote aliowaezekea, hakuna hata mmoja aliyemwita tena mezani.

Basi kenchi zikasimama. Bi Ximena akaja, akasifu, akaenda zake mjini kuchagua mashuka. Tukangoja. Wiki ikaisha, hajatamka neno karamu.

Huyu Bi Ximena ni mjukuu wa marehemu mzee Eleuterio, aliyekuwa akichinja ng'ombe mzima kwa karamu ya banda la kuku. Wazazi wake walimchukua akiwa mtoto mchanga wakaenda kuishi Kanada, naye akarudi mtu mzima, anaongea kama sisi, ana pua ileile ya babu yake. Hakuna aliyefikiria kwamba pengine hajui.

"Mjukuu wa Eleuterio akose kujua?" alisema Wenceslao, fundi mwashi mwenye ulimi mkali. "Huyu ni mkono wa birika, basi. Pua karithi, roho kaiacha makaburini."

Dawa ya bahili ipo. Huombi karamu, kuomba ni aibu. Unashona mtu wa matambara, unamjaza majani makavu, unamtoa mifuko ya suruali nje iwe mitupu, kisha unamning'iniza kwenye kenchi ya mbele. Kila anayepita barabarani anajua kwamba mwenye nyumba hiyo hatoi. Mwenye nyumba naye akimwona anaona haya, na jioni ileile anaita mchinjaji. Wenceslao akamshona, na kwa ufundi wa ziada akampa pua ndefu.

Bi Ximena alirudi asubuhi, akashuka garini, akamwona yule mtu.

"Jamani!" akapiga makofi. "Mzuri huyu! Mmemshona wenyewe?"

Akampiga picha akiwa mbele, akampiga tena akiwa pembeni, akaituma picha kwenye ukurasa wa hoteli na maneno haya: Mlinzi wetu wa paa, karibuni nyote. Kufika saa sita bonde zima lilikuwa limeiona simuni. Mke wa mwoka mikate alicheka mpaka akaunguza mikate. Kwa nini asicheke? Mwanamke ametangaza ubahili wake mwenyewe dunia nzima, na anatukaribisha.

Nibaldo hakucheka.

"Anatudhihaki," akasema.

"Pengine hajui, shemeji. Ngoja nimwambie."

"Thubutu! Karamu ya kuombwa ni sadaka, na mimi si ombaomba. Kesho tunapandisha vigae. Yaishe."

Vigae vikipanda, karamu imekufa, na Nibaldo anastaafu bila siku yake. Usiku wake hakugusa chakula, na mimi nilikasirika hata nikatia chumvi mara mbili kwenye maharage ya kesho yake.

Asubuhi Bi Ximena akaja jikoni kwangu, uso umemshuka.

"Mama Eduvina, watu wananicheka. Dukani kwa mikate, kwa mchinjaji, hata padri. Nimefanya nini?"

Nilikatazwa kuomba. Kujibu swali sikukatazwa. Nikamweleza yote, karamu, mifuko mitupu, na pua. Akawa mwekundu, kisha mweupe, kisha akatoka mbio. Kule nje Nibaldo alikuwa tayari juu ya ngazi, ameshika kigae cha kwanza.

"Fundi! Kigae hicho kisipande!"

"Kazi lazima iende, Bi Ximena."

"Shuka, tafadhali. Na hiyo ngazi niachie."

Akashuka, maana alizoea kutii wenye nyumba. Bi Ximena akavua viatu vyake vya kisigino, akapanda pekupeku mpaka kwa yule mtu wa matambara. Akamtia mfuko wa kushoto kitunguu alichotoka nacho jikoni kwangu. Wa kulia akamtia funguo za ghala la divai.

"Babu yangu alijua," akapaza sauti. "Mimi sikujua, wala sikuuliza. Jumamosi mniwie radhi mezani, kama mtakubali kuja."

Wote wakamtazama Nibaldo. Akakilaza kile kigae chini.

"Teremka kwanza, mwanangu," akasema. "Ukivunjika mguu nani atatuandalia?"

Karamu ile watu wanaihadithia mpaka leo. Bi Ximena aliunguza nyama upande mmoja na Wenceslao akala upande huo kwa adabu. Nibaldo alikaa kichwani mwa meza, shati jeupe, bendera juu yake. Ulipofika wakati wa kuondoka akapapasa fremu ya mlango wa ukumbi, ambayo bado ilikuwa tupu.

"Umeshiba, fundi?" Bi Ximena akamuuliza.

"Nimeshiba. Basi, mkishatia milango, mnikumbuke." Akamweleza ile habari yake ya kupitishwa jikoni, kwa mzaha, kama kawaida yake.

Bi Ximena hakucheka. Alimjazia glasi tu.

Hoteli ilifunguliwa msimu wa mavuno. Vyumba vina milango, mabafu yana milango, hata kabati la mashuka lina mlango wa mninga wa kigeni. Ukumbi wa kulia chakula hauna. Wakati wa baridi upepo wa milimani unaingia humo, wageni wanajifunika shali na kulalamika, na Bi Ximena anawaambia wawe na subira, nyumba haijakwisha.

Kila Jumapili Nibaldo anapita hapo katikati, shati jeupe, anakaa kichwani mwa meza, na kulalamika kwamba supu haina chumvi.